Sándor Csoma wa Kőrös: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Csoma alikuwa nani?

Alikuwa msomi wa Kihungaria, mzaliwa wa kijiji cha Kőrös huko Transylvania mwaka 1784, aliyefariki Darjeeling, India, tarehe 11 Aprili 1842. Jina lake hutamkwa Shandor Choma; vitabu vingi humwandika Alexander Csoma de Kőrös. Kamusi na sarufi ya Kitibeti alizozitoa Kolkata mwaka 1834 ndizo zilizowawezesha wasomi wa Ulaya kusoma wenyewe maandiko ya Kibudha yaliyotunzwa kwa Kitibeti. Taaluma ya masomo ya Kitibeti katika vyuo vikuu inamhesabu kuwa mwanzilishi wake.

Niseme mapema, kwa kuwa ndilo jambo ninalotaka msomaji aondoke nalo: kamusi ile ilikuwa kazi ya watu wawili. Wa pili ni mganga na mwanachuoni wa Zanskar, bonde la milima ya Himalaya, aitwaye Sangye Puntsog. Habari zake zipo hapa chini, na ni vyema usiziruke.

Alitoka katika familia ya namna gani?

Ya watu wa hali ya chini lakini wenye kujiheshimu. Walikuwa Waszékely, Wahungaria wa mashariki ambao kwa vizazi vingi walipewa jukumu la kulinda mpaka, hata mwanamume akazaliwa tayari anahesabiwa askari. Mwaka 1799, akiwa na miaka 15, Csoma alipelekwa na baba yake kwa miguu hadi Nagyenyed, mji ambao leo unaitwa Aiud, akaanza masomo katika chuo cha Kanisa la Reformed. Karo hakuwa nayo. Aliilipa kwa kuwatumikia wenzake na kufanya usafi, na alipokuwa mkubwa kidogo akawafundisha wanafunzi wa chini yake.

Hapo ndipo alipojizoeza kulala sakafuni na kula kidogo. Waliosoma naye waliona ni tabia ya ajabu. Miaka 20 baadaye tabia hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Kwa nini aliondoka kwao? Alikuwa anatafuta dini?

La. Alikuwa anatafuta ndugu.

Kihungaria kimezungukwa na lugha za Kislavi, Kijerumani na Kiromania, na hakifanani na hata moja kati yake. Tangu zamani Wahungaria walijiuliza wametoka wapi. Mwaka 1770 padri mmoja Mjesuiti, János Sajnovics, alichapisha kitabu kuonyesha kwamba Kihungaria kina udugu na lugha ya Wasami wa kaskazini ya mbali ya Ulaya. Wengi hawakupendezwa kuambiwa kuwa jamaa zao ni wavuvi na wafugaji wa baridini. Walipenda zaidi simulizi za mashujaa waliotoka Asia na farasi wao. Csoma alikulia katika simulizi hizo. Mwaka 1816 alipata ufadhili wa kwenda kusoma Göttingen, Ujerumani, na huko mwalimu wake Johann Gottfried Eichhorn aliwafundisha kuwa hati za Kiarabu zinaweza kuwa na habari za kale za mataifa ya Asia ya kati. Csoma akaamua kwenda kuzitafuta, na kuwatafuta watu wenyewe, ambao aliamini wako mahali fulani kaskazini mwa Tibet.

Kwa elimu ya leo tunajua alikosea njia. Jamaa wa karibu wa Kihungaria ni lugha za Wakhanty na Wamansi, wanaoishi Siberia upande wa pili wa milima ya Ural. Yeye hakuwahi kulijua hilo, na mpaka wiki ya mwisho ya maisha yake alikuwa bado yuko njiani kuwafuata hao ndugu.

Alifikaje Himalaya bila fedha?

Kwa miguu sehemu kubwa. Aliondoka mwishoni mwa Novemba 1819 bila pasipoti ya dola, kwa kuwa aliona maombi yake yangekataliwa. Mwalimu wake mmoja alisimulia baadaye kwamba alikuja kuaga akiwa amevaa nguo nyepesi, kama mtu anayetoka kwenda kutembea shambani jioni.

Alishuka hadi Bucharest, akaendelea hadi pwani na kupanda meli mpaka Alexandria, Misri. Alitaka kukaa kidogo ajiongezee Kiarabu, lakini tauni ikamfukuza. Akavuka hadi Syria na kutembea mpaka Aleppo, kisha akajiunga na msafara hadi Mosul. Kutoka huko alishuka na mto Tigris hadi Baghdad. Oktoba 1820 aliingia Tehran, akapokewa vizuri na Mwingereza Henry Willock, akakaa miezi kadhaa akijifunza Kiajemi. Hapo aliacha vyeti vyake na nguo za Kizungu, akavaa kama mtu wa Asia. Njiani alijulikana kwa jina la Iskander Beg; Iskander ndilo Alexander.

Akapita Mashhad, akafika Bukhara Novemba 1821. Kulikuwa na uvumi kwamba jeshi la Urusi linakuja, basi hakukaa hata wiki. Alipita Balkh na Bamiyan, akaingia Kabul Januari 1822, Lahore Machi, na tarehe 9 Juni akafika Leh, mji mkuu wa Ladakh. Hapo njia ikakatika. Barabara ya kwenda Yarkand, mji wa Asia ya kati, ilikuwa ghali, ngumu, na ya hatari kwa Mkristo. Akageuza.

Ni nani aliyemwingiza kwenye Kitibeti?

William Moorcroft, daktari wa mifugo Mwingereza aliyekuwa akizunguka mipaka kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki akitafuta farasi na biashara. Walikutana njiani karibu na Dras tarehe 16 Julai 1822. Moorcroft alikuwa na kitabu cha padri Agostino Giorgi kuhusu Kitibeti, kilichochapwa Roma mwaka 1762, akamwazima. Csoma alikisoma na kuona kasoro zake tele. Akaanza kujifunza Kitibeti kwa mtu aliyekijua, akitumia Kiajemi kama daraja.

Wakakubaliana: Moorcroft atampa fedha na barua za kumtambulisha, naye Csoma atakaa Ladakh ajifunze Kitibeti vizuri na kuwaandalia Waingereza kamusi. Makubaliano yenyewe yalikuwa maneno ya watu wawili tu milimani. Moorcroft alifariki mwaka 1825 kaskazini mwa Afghanistan. Csoma angeweza kuyaacha yafe naye. Hakuyaacha, na miaka yake kumi iliyofuata, ile ambayo mtu huwa na nguvu za kutimiza ndoto yake, aliitumia kulipa deni hilo.

Alikuwa jasusi?

Swali hili haliishi, na chanzo chake kinaeleweka. Mwishoni mwa mwaka 1824 aliposhuka hadi Sabathu, kambi ya mpakani ya Waingereza, alikuwa Mzungu aliyevaa nguo za wenyeji, anayeongea lugha nyingi, asiye na hati za kutosha, anayetokea upande ambao Urusi ilikuwa ikiunyemelea. Kapteni Kennedy aliyekuwa akisimamia kituo alimzuia akisubiri maagizo ya wakubwa. Csoma alitakiwa ajieleze, naye Januari 1825 akaandika barua ndefu ya maisha yake. Mengi tunayoyajua kuhusu safari yake yametoka humo.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulitaja: alipokuwa na Moorcroft alimtafsiria barua ya Kirusi iliyotoka kwa waziri Nesselrode kwenda kwa Ranjit Singh, mtawala wa Punjab. Ni kweli alifanya hivyo. Lakini kumtafsiria mwenyeji wako barua moja si upelelezi. Serikali ilipoisoma barua yake ya Sabathu iliridhika, ikamwekea posho ya rupia 50 kwa mwezi. Nikiangalia alivyoishi na jinsi alivyozitumia fedha hizo, sioni mahali popote pa kumwita jasusi.

Maisha ya Zangla yalikuwaje kweli?

Zangla ni kijiji cha bonde la Zanskar, kwenye mwinuko wa takriban mita 3,500. Juu ya mwamba kuna jumba la udongo na mawe la watawala wa zamani. Csoma alikaa humo tangu Juni 1823 hadi Oktoba 1824.

Daktari James Gerard, aliyezungumza naye miaka michache baadaye, ametuachia maelezo ya majira ya baridi ya huko. Chumba kilikuwa na futi 9 kwa 9, ukubwa wa kibanda cha duka la mtaani. Ndani yake waliishi watatu: Csoma, lama wake na mtumishi. Kwa miezi mitatu au minne hawakuthubutu kutoka, theluji imefunika kila kitu. Moto haukuwepo. Giza likiingia, taa haikuwepo. Csoma aliketi amejifunika joho la ngozi ya kondoo, mikono ameikunja ndani, akisoma tangu asubuhi mpaka jioni.

Vitabu vya Kitibeti havishonwi kama vyetu. Ni karatasi ndefu nyembamba zilizochapwa kwa mbao za kuchongwa, zimepangwa moja juu ya nyingine kati ya vibao viwili na kufungwa kwa kitambaa. Ukimaliza ukurasa lazima uuinue na kuugeuza. Kwa baridi ile, anasema Gerard, kuutoa mkono kwenye manyoya ili kugeuza karatasi moja tu kulikuwa mateso. Na karatasi zilikuwa maelfu. Katika hali hiyo, kwa maelezo ya Gerard, walikusanya maneno 40,000.

Sangye Puntsog alikuwa nani?

Hapa ndipo masimulizi mengi ya Ulaya hupita haraka, nami sitaki kupita haraka.

Alikuwa na miaka 52 Csoma alipomjia. Aliitwa lama, ila hakuwa mtawa wa nyumba yoyote ya watawa. Alikuwa amemwoa mjane wa mtawala wa Zangla. Alikuwa mganga mkuu Ladakh, na serikali ya huko ilimwita awe mwandishi wake ilipotaka kuandikiana na Lhasa, mji mkuu wa Tibet. Kwa miaka sita alikuwa amesafiri: Lhasa, Tashilhunpo, Bhutan, mpaka Nepal. Alijua dini, tiba, unajimu, sarufi na ushairi. Kwa ufupi, kama ungetafuta mtu mmoja katika milima ile wa kukueleza elimu nzima ya Kitibeti, ungeelekezwa kwake.

Fikiria kazi aliyoifanya. Mgeni anamjia haelewi hata majina ya vitu. Lama anampangia maneno kwa makundi: majina ya miungu, ya viungo vya mwili, wanyama, mimea, zana, cheo na heshima. Anamfafanulia istilahi za falsafa ambazo hazina mfano katika lugha anazozijua mgeni huyo. Halafu kuna vitabu ambavyo yeye na wanazuoni wengine wawili wa Zanskar walivitunga mahususi, wakimjibu Csoma maswali yake kwa maandishi, kimoja baada ya kingine: habari za madhehebu, mantiki, kalenda, tiba. Vinahifadhiwa mpaka leo, na katika kimoja mwandishi anasema wazi kwamba anajibu maswali ya Iskander. Wasomi huviita Vitabu vya Alexander. Muhtasari wa kitabu kikuu cha tiba ya Kitibeti ambao Csoma aliuchapisha Kolkata mwaka 1835 ulitokana na andiko ambalo lama huyu alimtayarishia.

Csoma mwenyewe hakumficha. Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa kamusi, chini ya kichwa, imeandikwa kwamba imetayarishwa kwa msaada wa Bande Sangye Puntsog, lama mwanachuoni wa Zanskar. Na katika rupia 50 za posho, 25 zilikuwa za lama. Nusu kwa nusu, kila mwezi. Kwa zama zile, ambapo mwenyeji aliyemfundisha Mzungu aliishia kuitwa mtumishi wake, hilo ni jambo kubwa. Waliokuja baadaye kuandika juu ya Csoma peke yake wamepungukiwa na uadilifu ambao yeye mwenyewe alikuwa nao.

Kwa nini kazi ilichukua miaka mingi hivyo?

Safari ya kwanza haikutosha. Mwaka 1825 Csoma alirudi Zanskar, safari hii akikaa eneo la Phuktal, nyumba ya watawa iliyojengwa kwenye mdomo wa pango. Mambo hayakwenda. Lama alikuwa na shughuli zake, akafika kwa kuchelewa na hakukaa naye kama walivyoahidiana. Januari 1827 Csoma alirudi Sabathu mikono mitupu, au hivyo ndivyo alivyojiona. Wakati huo huo ikatoka Serampore kamusi nyingine ya Kitibeti, ya mwaka 1826, na maofisa wakajiuliza kama bado wanamhitaji. Ile kamusi ilikuwa dhaifu, imejaa makosa, lakini ya kwake ilikuwa haijaisha.

Akaomba ruhusa kwa mara ya tatu, akapewa. Tangu 1827 hadi 1830 alikaa Kanam, kijiji cha bonde la Sutlej, kwa sababu hapo palikuwa na hazina: seti kamili za maandiko ya Kibudha, Kangyur na Tengyur. Sangye Puntsog akaja, na safari hii akakaa. Gerard aliwatembelea mwaka 1828 akamkuta Csoma katika nyumba ndogo, mwenye furaha, amezungukwa na vitabu, akinywa chai ya siagi ya Kitibeti.

Kangyur na Tengyur ni nini, na alivumbua nini humo?

Ni mikusanyo miwili ya maandiko matakatifu ya Kibudha kwa Kitibeti. Kangyur ina yale yanayohesabiwa kuwa maneno ya Buddha. Katika chapa aliyoitumia Csoma yalikuwa majuzuu 100. Tengyur ina fafanuzi na vitabu vya wanazuoni wa baadaye, majuzuu 225, na humo mna pia mantiki, sarufi, tiba na ufundi.

Csoma aliifungua moja baada ya nyingine na kuandika kilichomo. Alionyesha kwamba Kangyur imegawanyika katika mafungu: majuzuu 13 ya sheria za watawa, 21 ya mafundisho ya ukamilifu wa hekima, 30 ya mahubiri mbalimbali, 22 ya tantra (mafundisho ya ibada za siri), na mafungu mengine madogo. Uchambuzi huo ulitoka mwaka 1836 katika juzuu la 20 la jarida la Asiatic Researches.

Kubwa kuliko hayo ni hili: alithibitisha kwamba sehemu kubwa ya maandiko haya imetafsiriwa kutoka Kisanskriti, kwa uangalifu mkubwa, na wanazuoni wa Kihindi na Kitibeti waliofanya kazi pamoja tangu karne za 7 na 8. Nchini India kwenyewe Ubudha ulikuwa umekwisha na vitabu vyake vingi vimepotea. Hivyo Kitibeti kikawa ghala la elimu ya India iliyopotea kwao. Miaka hiyo hiyo Brian Hodgson alikuwa akikusanya miswada ya Kisanskriti Nepal na kuipeleka Paris, ambako Eugène Burnouf aliisoma akiwa na uchambuzi wa Csoma mkononi. Kitabu cha Burnouf cha mwaka 1844 kuhusu historia ya Ubudha wa India kiliegemea kazi hizo. Kabla ya hapo wapo Wazungu waliobishana kama Buddha alikuwa mungu wa Misri au wa Skandinavia.

Csoma ndiye pia aliyewapa wasomaji wa Ulaya habari za mwanzo za kisomi za Kalachakra, mfumo mmoja wa tantra, na nchi ya Shambhala inayosimuliwa humo, katika makala fupi ya mwaka 1833.

Alikuwa Mzungu wa kwanza kujua Kitibeti?

Hapana. Padri Ippolito Desideri, Mjesuiti kutoka Italia, aliishi Lhasa tangu 1716 hadi 1721 na alikijua vizuri mno, hata akaandika vitabu kwa Kitibeti akijadiliana na Wabudha. Lakini maandishi yake yalifungiwa kwenye makabati kwa zaidi ya miaka 100, hayakumfaa yeyote. Wakapuchini, watawa wengine wa Kikatoliki, nao walikuwepo Lhasa. Csoma ni wa kwanza aliyeandika kazi ambayo mwingine angeweza kuichukua, kuipima, kuisahihisha na kuendelea nayo.

Alijua lugha ngapi?

Orodha zinatofautiana, ila zote zinavuka kumi. Kilatini alikiandika vizuri, pamoja na Kigiriki, Kiebrania, Kijerumani, Kifaransa, Kiingereza, Kiarabu, Kituruki na Kiajemi. Aliongeza Kitibeti, Kisanskriti, na baadaye Kibengali.

Alifika Lhasa?

Hapana. Kitibeti chote alikijifunza Ladakh, Zanskar na Kinnaur (eneo la kijiji cha Kanam), nje ya Tibet yenyewe.

Alioa?

Hakuoa.

Maisha yake Kolkata yalikuwaje?

Alifika mwaka 1831 kusimamia uchapaji. Kamusi na sarufi zilitoka mwaka 1834 katika kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Wabaptisti, kwa gharama za serikali. Deni la Moorcroft likawa limelipwa.

Alikataa karibu kila heshima aliyoweza kuikataa. Wahungaria walipomchangia fedha, hakuzitumia. Alizirudisha nyumbani ziwasomeshe wanafunzi, akaongeza na za kwake. Mwaka 1835 aliomba hati ya kusafiria India ili ajifunze lugha za huko, na hati ya Kiajemi aliyopewa ilimwita Mulla Iskander Csoma kutoka Rum. Alikaa kaskazini mwa Bengal karibu miaka miwili, akarudi mwaka 1837 na kuwa mkutubi wa Asiatic Society, chama cha wasomi cha Kolkata.

Aliishi ndani ya jengo la chama. Alitandika mkeka sakafuni, akaweka masanduku ya vitabu pande nne, na katikati hapo alikula, akalala na kusoma. Alivaa suti ile ile ya buluu. Chakula chake kilikuwa wali mkavu kidogo na chai, ambayo aliipenda sana. Alitafsiri pia faharasa kubwa ya istilahi za Kibudha ya Kisanskriti na Kitibeti, iitwayo Mahavyutpatti, iliyotungwa karne ya 9. Haikuchapwa akiwa hai. Ilitoka kwa sehemu tatu kati ya 1910 na 1944.

Je, aliingia dini ya Kibudha?

Hakuna ushahidi. Alizaliwa Mkristo wa Reformed na hakuacha. Kolkata aliwasaidia wamisionari kutafsiri Zaburi na sala kwa Kitibeti, kazi ambayo mtu aliyebadili dini asingeifanya kwa moyo mweupe. Lakini pia hakuudharau Ubudha. Katika kurasa zake zote hukuti kejeli dhidi ya imani ya waliomfundisha.

Wabudha wenyewe wamempa heshima yao. Februari 1933, katika Chuo Kikuu cha Taisho, Tokyo, alitambuliwa kuwa bodhisatva, yaani mtakatifu wa Kibudha, na sanamu yake iliyochongwa na Mhungaria Géza Csorba, ikimwonyesha ameketi kama mtawa katika tafakuri, ikawekwa huko.

Alikufaje?

Mwanzoni mwa 1842, akiwa karibu miaka 58, aliamua kwenda Lhasa. Alitumaini kwamba maktaba za huko zingemwambia habari za ndugu zake wa kale, na kwamba kutoka Lhasa angeendelea kaskazini kwa watu wa Yugar, aliowadhani kuwa ndio ndugu hao. Alitembea kuvuka Terai, ukanda wa misitu na vinamasi chini ya Himalaya, ambao wakati huo kila mtu aliujua kwa homa zake. Tarehe 24 Machi alifika Darjeeling.

Msimamizi wa mji, Dkt. Archibald Campbell, alimpokea na kumkutanisha na mwakilishi wa mfalme wa Sikkim, ambaye alistaajabu kumsikia mgeni akiongea Kitibeti cha kisomi namna ile. Mipango ya ruhusa ikaanza. Tarehe 6 Aprili Csoma akashikwa na homa. Campbell alimsihi anywe dawa, naye akakataa, akasema amewahi kuugua hivi na kupona. Siku moja homa ilipolegea alizungumza kwa muda mrefu na kwa furaha kubwa kuhusu Wahun (taifa la kale la wapanda farasi kutoka Asia), Wayugar na asili ya Wahungaria. Alfajiri ya tarehe 11 akafariki. Ilikuwa malaria.

Campbell aliorodhesha mali aliyoiacha: masanduku manne ya vitabu na karatasi, ile suti ya buluu aliyofia nayo, mashati machache na sufuria moja.

Kamusi yake bado inatumika?

Wanafunzi wa leo huanza na kamusi za baadaye, hasa ya Heinrich August Jäschke, mmisionari wa Kimoravia aliyeishi Lahaul, iliyotoka mwaka 1881, na ya Sarat Chandra Das ya mwaka 1902. Zote mbili zilijengwa juu ya msingi wa 1834. Uchambuzi wake wa Kangyur bado unarejelewa na wanaotafiti historia ya taaluma hii.

Nikitaka kuona mabaki ya maisha yake, niende wapi?

Kijiji chake cha kuzaliwa kiko Romania, mkoa wa Covasna. Wahungaria wanakiita Csomakőrös kwa heshima yake. Jumba la Zangla bado limesimama, na Wahungaria wa kujitolea wamesaidia kulikarabati na kujenga shule ya nishati ya jua kijijini. Nenda kiangazi, maana baridi ikiingia njia za Zanskar ni ngumu. Kaburi liko katika makaburi ya zamani ya Darjeeling, chini ya mnara uliowekwa na Asiatic Society.

Ila kama una nafasi ya kwenda mahali pamoja tu, nenda Budapest, kwenye maktaba ya Chuo cha Sayansi cha Hungaria. Csoma alimpa vitabu vyake vya Kitibeti rafiki yake Solomon Caesar Malan, aliyekuwa katibu wa Asiatic Society, naye mwaka 1884 akavikabidhi maktaba hiyo. Mwaka 2009 UNESCO iliingiza mkusanyo wa Csoma katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia. Vitabu vya Alexander vimo humo, vimeandikwa kwa mkono wa Sangye Puntsog na wenzake.